Mdomo Wenye Mkanda Mweusi

Jumatatu, 3 Juni

Nimepigwa teke. Mimi! Mwalimu! Katika ukumbi wangu mwenyewe, mbele ya darasa langu la karate la jioni, mbele ya wazazi wawili waliokuja kuulizia nafasi.

Aliyenipiga ni Fundi Bomba. Mwanamke mfupi, kazi yake kuzibua mabomba ya watu. Alihamia kwangu mwaka jana kutoka kwa mwalimu wa mji mwingine, mkanda wa kahawia tayari kiunoni. Nilimwita mbele anisaidie kuonyesha kinga. Nikasema atanipiga teke, nami nitalizuia hivi. Akanipiga. Sikulizuia hivi. Sikulizuia vyovyote. Lilitua mbavuni, nikatoa sauti ambayo sitaiandika hapa.

Nikawaambia darasa kwamba huo ulikuwa mfano wa kinga iliyochelewa, na kwamba nimeonyesha makusudi. Wakapiga makofi. Fundi Bomba hakupiga. Aliniangalia kama anavyoangalia bomba linalovuja.

Halafu la pili. Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, mwalimu mkuu mstaafu, mama asiyecheka, alikuwa ananisubiri mlangoni. Jengo analofundishia shemeji yangu limeuzwa, naye sasa anautaka ukumbi huu, jioni hizi hizi. Kamati imeshindwa kuamua. Kwa hiyo Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya wazi, walimu wawili tutapambana mbele ya watu. Wa kwanza kufikisha pointi tatu ndiye atakayepewa jioni zote. Akasema wazazi wamechoka na walimu wanaosimama pembeni wakihesabu. Wanataka kujua nani bado anaweza.

Nikacheka kwa dharau. Nikaenda chooni, nikajishika ubavu.

Na huyo shemeji nimemfundisha mimi! Mdogo wake mke wangu. Nilimpokea hajui hata kufunga mkanda, akakaa miaka minane chini ya sauti yangu, kisha akaenda kufungua darasa lake. Mimi nina miaka kumi na miwili katika ukumbi huu. Naujua kila ubao wa sakafu unaolia. Siutoi ng'o.

Jumanne, 4 Juni

Sikulala vizuri. Nilijiuliza swali moja: mara ya mwisho kupambana kwa kweli ilikuwa lini? Sikumbuki. Kila siku nahesabu, wao wanarusha mateke. Nasema chini zaidi, wao wanashuka. Jasho lao, sauti yangu. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mimi kwa hesabu zangu nina nywele mpaka magotini.

Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu: niliogopa. Niliogopa sana. Bila ukumbi ule mimi ni mtu mzima aliyevaa pajama nyeupe.

Mke wangu ni muuguzi. Nikamuuliza atamshangilia nani. Akasema yule ni damu yake, mimi ni mume wake, kwa hiyo yeye ataleta barafu ya kututosha wote wawili. Nikamkumbusha kwamba ng'ombe hazeeki maini. Akaniangalia tumboni, akasema anayoyaona yeye pale si maini.

Lakini asubuhi, nikipiga mswaki, mpango ukanijia. Mzuri mno! Kwa nini nifanye mazoezi baada ya kufundisha, nichoke mara mbili? Wanafunzi watanifanyisha mazoezi bila wao kujua. Kuanzia kesho ni Wiki ya Kumlenga Mwalimu. Kila mmoja atakuja mbele anishambulie kwa nguvu zake zote. Wao wataona ni heshima. Mimi nitanolewa bure. Akili ni mali!

Jumatano, 5 Juni

Wiki ya Kumlenga Mwalimu imefutwa.

Watu wazima hawana faida. Karani wa posta aliinama, akasema samahani mwalimu, akarusha ngumi iliyoishia hatua nzima kabla ya kunifikia, akasema samahani tena. Mshona viatu aliuliza ningependa anipige wapi. Wote wanapiga nilivyowafundisha, na kila pigo lao nalijua kabla hawajaanza. Ni sawa na kucheza karata na kioo.

Watoto hawakusubiri zamu. Niliposema anzeni, wakaanza wote. Mmoja alining'ata. Nimewafundisha mambo mengi, lakini hilo alikuja nalo kutoka nyumbani kwao.

Kisha Fundi Bomba. Akasema shikamoo mwalimu. Nikaitikia marahaba. Marahaba haijatoka yote mdomoni, teke limeshafika mbavuni. Pale pale pa juzi! Nikajibu mapigo. Nikarusha langu, akalikwepa. Nikarusha la pili, akalikwepa. La tatu alilikwepa huku anakaza mkanda wake.

Baada ya darasa akanifuata. Akasema kwa heshima zote, mwalimu, unatangaza. Nikauliza natangaza nini. Akasema kila mara kabla ya kurusha kitu nakitaja kwanza, kwa sauti. Nasema teke la mbele, halafu linakuja teke la mbele. Nasema ngumi ya chini, halafu inakuja ngumi ya chini. Akasema mtu aliye mezani anakula angeweza kunikwepa bila kuweka kijiko chini.

Upuuzi! Nilipofika nyumbani nikajaribu mbele ya kabati, mlango nimefunga. Kimya kabisa, nikajiambia. Mke wangu akauliza kutoka jikoni ni nani huyo anayepiga kelele za teke la mzunguko.

Ijumaa, 7 Juni

Leo upelelezi. Ukimjua adui yako umeshamaliza nusu ya kazi. Nikavaa kofia ya mvua, barakoa ya kazini ya mke wangu na miwani yake ya jua, nikasimama nje ya dirisha la jengo la shemeji kama mtu anayemsubiri mtu.

Nilichokiona kimenitia furaha kubwa. Naye anahesabu! Anatembea mikono nyuma, kama mimi. Jasho hana, kama mimi. Kitambi kinabisha hodi. Kutu tupu! Moyo wangu ukatulia, na nilikuwa nimeshageuka niondoke zangu na ushindi wangu wa kimyakimya.

Ila kwenye mstari wa mbele kulikuwa na dada mmoja amesimama goti limenyooka. Limenyooka kama ufagio! Shemeji akapita, hakuona. Akapita tena, hakuona. Nilivumilia. Mungu ni shahidi wangu, nilivumilia. Kisha nikasikia mtu anapaza sauti: kunja goti!

Darasa zima likakunja goti. Shemeji mwenyewe akakunja. Halafu wote wakatazama dirishani.

Akatoka nje anacheka hadi machozi. Akasema karibu ndani, shem, vua miwani ya dada yangu uingie. Nikasema nilikuwa napita tu. Akasema ameona, nimepita kwa nusu saa. Akaniletea kiti, mbele ya wanafunzi wake, na kuniahidi kwamba siku ya pambano ataomba kingine kiwekwe pembeni ili nikichoka nisipate taabu.

Kiti! Mimi! Cheka, kijana, cheka vizuri. Utakuja kunitambua.

Jumapili, 9 Juni

Mpango wa leo ulikuwa wa kisomi. Mtu akikuonea huruma hakazi ngumi. Kwa hiyo niliamua kuumwa mgongo. Nikamwomba mke wangu ampigie mdogo wake simu, amweleze kwa huzuni. Akakataa kusema uongo. Ikabidi nimdanganye na yeye: nikaanguka kando ya kochi, nikalia mama yangu.

Nilisahau kazi yake. Alinilaza kifudifudi, akanibonyeza sehemu ambazo sikujua kama ninazo, akaniwekea taulo la maji ya moto mpaka nikajuta kuzaliwa na mgongo. Kila nilipomwambia nimepata nafuu, alisema nafuu ya namna hiyo hudanganya, akabadilisha taulo. Mwanamke yule anajua kila kitu. Nimeanza kuamini alijua tangu kwenye kochi.

Jioni shemeji akaja na kapu la machungwa na uso wa msibani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema shem, pambano halina haja tena. Kesho atakwenda kwa Mwenyekiti mwenyewe, aombe apewe ukumbi taratibu, bila mimi kuaibika. Na kazi sitakosa. Atanipa darasa la watoto wadogo, niwe nawahesabia.

Kuwahesabia!

Niliruka kutoka kitandani. Niliruka kweli, miguu yote miwili hewani, nikatua mbele yake na kurusha teke la kuonyesha, machungwa yakatapakaa mpaka chini ya kabati. Mke wangu akasema Mungu mkubwa, mgongo umepona. Shemeji akaokota chungwa moja, akalimenya, akala, akaaga.

Jumanne, 11 Juni

Fundi Bomba alikuja ukumbini mchana na mkoba wake wa spana. Akaniuliza kama nautaka ukumbi au siutaki. Nikasema nautaka. Akasema basi saa ya chakula yeye huwa karibu hapa. Wiki hii yote tupambane, mimi na yeye, bila shikamoo wala cheo, na akinipiga nisimtolee mhadhara. Nikakubali kwa masharti mawili: mlango ufungwe, na asimwambie mtu.

Tatizo ni mdomo. Dawa yake nikaibuni mwenyewe, na bado naona ilikuwa ya kiwango cha juu: nikajaza maji mdomoni. Mwenye maji mdomoni hatangazi.

Akasema anza. Nikasimama. Nikaendelea kusimama. Mguu haukwenda! Nautaka uende, wenyewe unasubiri kuambiwa, kama karani asiyegusa kitu mpaka bosi atoe amri. Fundi Bomba akanipiga mara mbili, kwa utulivu kabisa. Mara ya tatu nikameza maji kwa njia isiyo yake. Nikakohoa. Akanipiga hapo hapo nikikohoa, kisha akanipiga mgongoni ili nisife.

Akasema nisijali, bomba lililoziba miaka halizibuki siku moja. Sijui kwa nini kila anayenipenda lazima anitukane.

Alhamisi, 13 Juni

Kupigwa, kupigwa, kupigwa. Ubavu wa kulia una rangi ya bilinganya. Jana aliniangusha, nikabaki chali, nikagundua dari yetu inahitaji rangi. Nikasimama. Akaniangusha tena. Nikahakikisha.

Lakini leo! Leo limetokea jambo. Katikati ya patashika, nikiwa sina pumzi hata ya kusema ah, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Haukuomba ruhusa. Ukapita katikati ya mikono yake, ukamgusa kifuani. Fundi Bomba akasimama. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue, akasema hiyo sasa, mwalimu, hiyo hukuitangaza.

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Nilitaka kulia. Nilikuwa kama mtu aliyekutana njiani na rafiki yake wa ujana, akamkuta bado ana meno yote. Nikamwomba turudie, na tukarudia, na nikampata tena. Mara nyingine zote alinipata yeye, lakini hizo sizihesabu.

Nimefikiria sana ni nini kilichoniamsha. Nimekipata. Asubuhi nilikula mayai manne badala ya mawili. Kesho nitakula sita.

Jumamosi, 15 Juni

USHINDI!

Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kamati meza ya mbele, wanafunzi wangu benchi za kushoto, wa shemeji kulia, mke wangu katikati na ndoo yake ya barafu. Mwenyekiti ndiye mwamuzi, na filimbi aliyostaafu nayo. Kiti changu, kweli, kilikuwa kimewekwa pembeni. Kimefutwa hata vumbi.

Nilikuwa nimeamua kumsikiliza Fundi Bomba: kimya. Nikavaa kinga ya meno kubwa, nisiweze kutamka hata herufi. Filimbi ikalia. Kumbe kupigana mbele ya watu ni kitu kingine! Mwili ukasahau wiki nzima, ukasubiri amri. Ngumi ya kifua. Pointi kwake. Filimbi. Teke la tumbo. Pointi kwake. Akaninong'oneza kama niko tayari kuletewa kiti.

Mbili kwa sifuri. Nikautazama ukumbi wangu, ukuta kwa ukuta. Nikaona unakwenda. Nikaitema kinga ya meno, na kilichofuata sikukipanga. Kilitoka kama kinavyotoka kila jioni, mstari wa wanafunzi unapofika ukutani na hauna tena pa kwenda. Nikapaza sauti: GEUKA!

Shemeji akageuka.

Naapa! Akazunguka juu ya kisigino, akashuka chini vizuri, akaweka kinga safi kabisa ya kujilinda na ukuta. Miaka minane! Mwili wa mwanafunzi hausahau sauti ya mwalimu. Hata kwenye benchi zangu watu waligeuka. Karani wa posta aligeuka na soda yake mkononi. Ukumbi wote, Fundi Bomba peke yake ndiye aliyebaki anatazama mbele. Na shemeji amenipa mgongo, nami si mtu wa kukataa zawadi. Nikamtia teke la makalio. Pointi!

Watu wake wakapiga kelele kwamba hiyo si haki. Mwenyekiti akatafakari, akasema kanuni haimkatazi mtu kusema, na haimlazimishi mwingine kutii. Tuendelee.

Filimbi. Shemeji amekunja uso, ameapa moyoni. Nikamwambia kwa upole tu, kama ninavyowaambia siku zote: chini zaidi. Akashuka! Na mtu aliyeshuka chini kiasi kile hawezi kukimbia popote. Nikamgonga kifuani bila haraka. Mbili kwa mbili! Mshona viatu alipanda juu ya benchi.

Hapo shemeji akazinduka. Filimbi ya pointi ya mwisho ilipolia, akaanza kuimba. Si utani. Wimbo wa kubembelezea watoto, kwa sauti ya juu kabisa, ili asinisikie. Nikamwita geuka, rudi, shuka, kunja goti. Anaimba. Nikazidisha. Anazidisha. Sauti yangu ikakwaruza, ikapasuka, ikaisha. Nikafungua mdomo, humo ndani hamna kitu. Akaona. Akaacha kuimba, akanijia na nguvu zote alizonazo.

Sijui vizuri kilichotokea. Niliona bega lake linashuka, na mguu wangu ulikuwa umeshafika ubavuni mwake. Kimya. Bila jina. Pale pale Fundi Bomba anaponipiga mimi kila siku.

Filimbi! Tatu!

Ukumbi ulilipuka. Nilibebwa juu juu! Walianza watu wanne, wa tano akaja kuongeza nguvu. Mke wangu alilia huku anagawa barafu. Mwenyekiti alicheka, au angalau alionyesha meno. Shemeji akanikumbatia mbele ya watu wote, akasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwamba teke lile la mwisho hakuliona hata kivuli. Nampenda yule kijana. Leo nampenda kila mtu. Ukumbi ni wangu! Nimebaki peke yangu watu walipoondoka, nikatembea juu ya kila ubao unaolia, mmoja baada ya mwingine, nazo zote zililia.

Jumatatu, 17 Juni

Nimetumia siku mbili kuuchambua ushindi wangu kitaalamu. Jibu liko wazi: sauti. Pointi mbili kati ya tatu zilipatikana kwa sauti, na ya tatu ilipatikana kwa sababu sauti ilikuwa imeshamchosha. Kupigwa kote kule kwa mchana kulikuwa kupoteza muda.

Fundi Bomba alikuja saa ya chakula na mkoba wake, kama kawaida, akaanza kuvua viatu. Nikamweleza kwamba mazoezi yetu yamefika mwisho. Nilimweleza kwa kunong'ona, maana koo bado halijafunguka. Akavaa viatu. Akauliza, na lile teke la mwisho, mwalimu? Nikanong'ona: mayai.

Shemeji naye alipita. Kamati imempa ukumbi nyakati za asubuhi, ameridhika. Akaniomba kila Jumatano tupambane, mimi na yeye, mlango wazi, tusiote kutu wote wawili. Akasema mwalimu asiye na mtu wa kumpiga hugeuka redio. Maneno ya aliyeshindwa! Nikamruhusu aje, ila asimame mstari wa nyuma pamoja na wenye mkanda mweupe.

Habari zangu zimesambaa. Mwalimu wa ngumi wa mtaa wa pili ametuma salamu, anaomba pambano la kirafiki Jumamosi. Nimemwona kwa mbali. Mlangoni anapita kiubavu. Fundi Bomba akauliza kama mtu yule aliwahi kuwa mwanafunzi wangu hata siku moja. Nikanong'ona hapana. Akauliza sasa nikimwambia ageuke, atageuka kwa ajili gani. Mafundi wa mabomba wana maswali madogo madogo sana.

Nimekubali pambano. Mke wangu amebadilisha zamu yake ya Jumamosi. Anasema hatakuja ukumbini, atanisubiri wodini. Mimi tayari nimeanza mazoezi makali, na safari hii sitaki mchezo: asali na tangawizi asubuhi, mchana na jioni, kwa ajili ya koo.